Karatasi Iliyo Mlangoni mwa Darasa Langu

Hotuba kwa wazazi wazungumzao Kiswahili, Winnipeg, jimbo la Manitoba, Kanada

Wazee wangu, mama zangu, kaka na dada zangu, nanyi vijana mliofuatana na wazazi wenu jioni hii, nawasalimu wote kwa heshima na nawashukuru kwa kunialika. Wengi wenu tunafahamiana kwa harusi na misiba yetu, lakini leo mmeniita kama mwalimu, tena mwalimu mgeni katika kazi. Mwezi Juni uliopita ndipo nilipomaliza mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha darasa la kwanza katika shule ya msingi ya hapa mjini, ambamo watoto wasiozungumza Kifaransa nyumbani hufundishwa kwa Kifaransa tangu siku wanapoingia.

Tangu nianze kazi hiyo, kila ninapokutana na mzazi wa kwetu naulizwa swali moja. Nimeulizwa kanisani, nimeulizwa dukani nikiwa nimeshika kikapu, na mama mmoja alinipigia simu saa nne usiku kuniuliza: "Mwalimu, je, tuache kumsemesha mtoto Kiswahili ili Kifaransa kimwingie haraka?" Jibu langu ni hapana. Hata hivyo sipendi mlipokee jibu hilo kwa sababu tu limetoka kinywani mwa mwalimu, kwa kuwa mimi mwenyewe nilipoanza kufundisha sikuwa nalo, na kwa matendo yangu nilikuwa nikifundisha kinyume chake. Naomba niwaeleze jinsi nilivyolipata.

Kwanza tuelewane kuhusu shule zenyewe, maana mambo mawili huchanganywa sana. Kuna shule za Wafaransa-Wakanada, yaani za watu ambao Kifaransa ni lugha yao ya asili. Haki ya kuwa na shule hizo imewekwa katika kifungu cha 23 cha Mkataba wa Haki wa mwaka 1982, ambao ni sehemu ya katiba ya Kanada, na hapa Manitoba zimekuwa chini ya mamlaka yao wenyewe tangu mwaka 1994. Na kuna madarasa ya kuzamisha, ambayo ndiyo niliyomo mimi. Hayo ni ya watoto wa nyumba zisizotumia Kifaransa, na nchini kote watoto wanaosoma kwa njia hiyo ni zaidi ya laki nne.

Njia hiyo ilianzishwa na wazazi. Mwaka 1965, katika mji wa Saint-Lambert, ng'ambo ya mto kutoka Montréal, wazazi waliozungumza Kiingereza waliona kwamba watoto wao walisomeshwa Kifaransa miaka nenda miaka rudi na bado hawakuweza kuzungumza na jirani. Wakaibana mamlaka ya shule mpaka ikakubali kufungua darasa la chekechea ambamo mwalimu angesema Kifaransa pekee. Mwanasaikolojia Wallace Lambert wa Chuo Kikuu cha McGill, pamoja na mwenzake Richard Tucker, waliwafuatilia watoto wale mwaka hadi mwaka, na waligundua jambo lililowatuliza wazazi wengi: Kifaransa kiliwaingia barabara, na Kiingereza chao, ambacho mwanzoni kilionekana kuchelewa katika kusoma na kuandika, kiliwafikia wenzao baada ya muda.

Nawaomba mzingatie kwa nini Kiingereza chao hakikupotea, kwa sababu jibu letu liko hapo. Nyumbani kilisemwa, mtaani kilisemwa, kwenye televisheni kilisemwa, na hakuna aliyewahi kumwambia mtoto kwamba ni lugha ya aibu. Lambert mwenyewe alikuja kutofautisha hali mbili. Kuna mtoto anayeongezewa lugha ya pili juu ya ile aliyo nayo, na kuna mtoto ambaye lugha ya pili inaingia kwa kuisukuma nje ile ya kwanza. Watoto wa Saint-Lambert walikuwa wa aina ile ya kwanza. Watoto wetu, tusipoangalia, watakuwa wa aina ile ya pili, ingawa wanakaa kwenye madawati yale yale na kusoma vitabu vile vile.

Wala tusidhani kwamba hayo ya pili ni nadharia tu. Yalitokea katika jimbo hili tunaloishi. Manitoba ilipoundwa mwaka 1870, baada ya harakati zilizoongozwa na Louis Riel, kiongozi wa Wamétis, Kifaransa na Kiingereza vilikuwa na hadhi sawa katika bunge na mahakama. Mwaka 1890 sheria ikakiondolea Kifaransa hadhi hiyo, na mwaka 1916 nyingine ikafuta kufundisha kwa lugha mbili shuleni. Walimu wengi waliendelea kufundisha Kifaransa kwa siri, na mkaguzi alipofika vitabu vilifichwa haraka. Ilichukua hadi mwaka 1970 ndipo Kifaransa kiliporudishwa kikamilifu kuwa lugha ya kufundishia. Ninapopita Saint-Boniface, mtaa wa Wafaransa wa hapa Winnipeg, na kuwasikia wazee wakizungumza Kifaransa chao sokoni, huwa nawatazama kwa heshima kubwa, kwa sababu najua lugha ile ilibaki hai jikoni na kanisani wakati ambapo shule ilikuwa imeifungia mlango.

Sasa nirudi darasani kwangu.

Nilikuwa na watoto 22. Wengi walikuwa wa nyumba za Kiingereza, kadhaa wazazi wao walitoka Ufilipino na nyumbani walisema Kitagalogi, wawili walikuwa wa Kiswahili, na mmoja alisema Kitigrinya. Katika mafunzo yangu nilisisitiziwa kwamba mwalimu wa darasa la kuzamisha asitoke nje ya Kifaransa: aeleze kwa mikono, kwa uso, kwa picha, achore, aigize, lakini asitafsiri, kwa sababu mtoto akishajua kwamba tafsiri inakuja, ataisubiri tafsiri. Fundisho hilo ni zuri na bado nalifuata. Kosa langu lilikuwa kulishika bila kumtazama mtoto.

Ukutani nilikuwa nimebandika sentensi ambayo kila mwalimu wa madarasa haya huanza nayo: "Est-ce que je peux aller aux toilettes?" Nilikuwa nimewaambia watoto kwamba anayetaka kwenda msalani ataisema sentensi hiyo. Katika wiki ya tatu ya Septemba, mvulana mmoja wa miaka sita alikuja mezani kwangu amebana miguu, akanionyesha mlango kwa kidole. Nilielewa mara moja anachotaka. Badala ya kumruhusu, nilitabasamu, nikamwonyesha ukuta, nikamwanzishia sentensi. Akasema "Est-ce que", akakwama. Akarudia "Est-ce que", akakwama tena, huku macho yake yakienda kwenye karatasi ambayo hakuweza kuisoma, maana kusoma ndiko alikokuja kujifunza. Nikangoja, nikidhani kwamba kungoja ni kumsaidia. Kisha nikaona maji sakafuni. Hakulia. Alitazama viatu vyake, viatu vya kijivu vya kubandika, vilivyoanza kubadilika rangi, na hakuinua kichwa mpaka nilipomshika mkono tukatoka.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikumbuka Bukavu, mji wetu kule Kongo. Katika shule ya msingi niliyosoma, tulipofika madarasa ya juu, kulikuwa na kipande cha ubao chenye kamba. Mwanafunzi aliyesikika akisema Kiswahili uwanjani alivalishwa shingoni, naye alitembea nacho mpaka amsikie mwingine akikosea, ampe. Aliyebaki nacho jioni alichapwa. Mimi nilikivaa mara nyingi mno nilipokuwa darasa la nne, na nakumbuka vizuri dawa niliyoigundua ili nisikivae: wakati wa mapumziko nilikaa peke yangu chini ya mti, sikusema na mtu. Baba yangu aliporudi kazini akaniuliza habari za shule, nilimjibu kwa neno moja. Kifaransa changu cha leo sikukipata kwenye kile kibao. Nilikipata kwa mwalimu mmoja wa baadaye aliyetusimulia hadithi, akatuacha tuulize maswali kwa lugha yoyote tuliyoweza, halafu yeye akayarudia maswali yetu kwa Kifaransa safi bila kumwaibisha mtu.

Asubuhi iliyofuata nilimpigia simu mama wa yule mvulana, nikamwomba radhi, na darasani niliwaambia watoto kwamba kuanzia siku hiyo haja ya mwili, maumivu na hofu vitasemwa kwa lugha yoyote, hata kwa kidole, na Kifaransa chake tutajifunza baada ya kurudi. Nikachukua karatasi kubwa, nikaibandika mlangoni, na tukaanza kuandika juu yake neno la chooni katika lugha za nyumba zao. Neno la Kiswahili liliandikwa na bibi wa mmoja wa wanafunzi wangu, aliyekuja kumchukua mjukuu wake, kwa mwandiko mzuri wa shule za zamani.

Nilidhani huenda Kifaransa kitapungua. Kilichotokea ni kwamba kabla ya mwisho wa Oktoba watoto wote, akiwemo yule mvulana, walikuwa wakiisema ile sentensi ndefu wakikimbia kuelekea mlangoni, kwa sababu hawakuwa na hofu nayo tena.

Kuhusu ukimya nina jambo jingine la kusimulia. Msichana mmoja wa Kitagalogi alikaa darasani Septemba, Oktoba na Novemba bila kutamka neno la Kifaransa. Alichora, alikata karatasi, alipanga foleni, alifanya kila nilichoagiza, lakini mdomo ulibaki umefungwa. Wazazi wake walianza kuwa na wasiwasi, nami pia. Kisha theluji ikaja. Mnajua jinsi ilivyo kuwavisha watoto wadogo hapa kwetu baridi inapofika nyuzi 30 chini ya sifuri. Kazi hiyo huweza kula dakika 20 kwa ajili ya mapumziko ya robo saa. Kila siku nilisimama kwenye ujia, nikitaja kwa sauti ile ile na kwa mpangilio ule ule: suruali ya theluji, buti, koti, kofia, glavu. Kwa Kifaransa cha Kanada glavu zile ambazo vidole vinne hukaa pamoja huitwa "mitaines" na kofia ya sufu huitwa "tuque", maneno ambayo mimi mwenyewe niliyajifunzia hapa. Siku moja ya Desemba mvulana aliyekaa kando yake alivaa buti kwanza, halafu akahangaika kuingiza suruali juu yake. Yule msichana akamgeukia na kusema kwa sauti kubwa: "Non! Le pantalon avant les bottes!" Hapana! Suruali kabla ya buti! Hakuna herufi iliyokosewa. Miezi mitatu yote alikuwa akisikiliza na kuweka akiba, na alisema siku alipokuwa na jambo la kusema na mtu wa kuambiwa. Nilisimama na glavu moja mkononi na machozi yalinilengalenga.

Tangu siku hiyo nilianza kujichunguza ninavyotumia muda wa darasa. Niliiweka simu yangu juu ya kabati, nikajirekodi kwa nusu saa, na nilipoisikiliza nyumbani nilisikia sauti yangu karibu wakati wote. Watoto walijibu "oui", "non", jina la rangi, jina la mnyama. Msomi wa Kikanada Merrill Swain alikwisha kulieleza tatizo hili mwaka 1985: aliona kwamba wanafunzi wa madarasa ya kuzamisha huelewa Kifaransa vizuri sana baada ya miaka kadhaa, lakini kuzungumza na kuandika kwao hubaki nyuma, na akasema kwamba kusikia hakutoshi, lazima mtoto asukumwe kuitoa lugha mwenyewe. Nilikuwa nimeyasoma hayo kwa ajili ya mtihani. Nilipoisikia sauti yangu kwenye simu ndipo niliposadiki. Nikaanza kuwapanga wawili wawili, kila mmoja akiwa na picha ambayo mwenzake haioni, ili asiweze kufika popote bila kusema.

Walipoanza kusema, makosa yakaja kwa wingi. Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa "Je suis six ans," kana kwamba unasema "mimi ni miaka sita", yaani mtoto anachukua muundo wa Kiingereza na kuuvalisha maneno ya Kifaransa. Hapo nililiona jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: wale watoto wawili wa Kiswahili hawakulifanya kosa hilo hata mara moja. Sisi tunasema nina miaka sita, nina njaa, nina kiu, nina usingizi, na Mfaransa naye anasema "j'ai", yaani nina, kwa hayo yote. Mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili anapoambiwa "j'ai faim", nina njaa, anakuta mlango umefunguliwa tayari. Vivyo hivyo, aliyezoea kusema kiti changu na meza yangu haoni ajabu kwamba jina la kitu linaamuru maneno yanayolifuata. Anachojifunza upya ni kwamba Kifaransa kina makundi mawili tu. Nilimwita mmoja wao mbele, nikamwomba awaambie wenzake jinsi tunavyotaja umri kwetu. Akasema "nina miaka sita", nami nikaandika "j'ai" chini yake na kuchora mkono ulioshika vijiwe sita. Baada ya hapo nilimsikia mtoto wa Kiingereza akimsahihisha rafiki yake: "Tu l'as dans ta main!" Unayo mkononi mwako.

Jim Cummins wa Chuo Kikuu cha Toronto alieleza mwaka 1979 kwamba ujuzi wa lugha ya kwanza na wa lugha ya pili hutegemeana, kiasi kwamba mtoto aliyejengewa vizuri ile ya kwanza huingia katika ya pili akiwa na mtaji. Mtaji wenyewe ndio huo niliouona: mtoto anayejua kusimulia tukio kwa mpangilio, aliyefundishwa na bibi yake kwamba hadithi ina mwanzo na mwisho, hakuanza upya kujifunza kusimulia kwa Kifaransa. Alikosa maneno, nami nilimpa maneno.

Naomba pia niseme habari ya Kifaransa chetu, maana najua baadhi yenu mnakionea haya. Shuleni kwetu, kama ilivyo katika shule nyingi za Kanada, watoto huhesabu siku za masomo mpaka siku ya mia, kila asubuhi tukiongeza kijiti kimoja na kufunga mafungu ya kumi kumi. Siku ya 70 ilipofika, katikati ya Desemba, nilisema "septante" bila kuwaza, kwa kuwa ndivyo tunavyosema Kongo, kama wanavyosema Wabelgiji waliotuletea Kifaransa hicho. Hapa husemwa "soixante-dix", yaani sitini na kumi. Kesho yake nilipokea barua ya mzazi aliyeuliza kwa adabu kama mtoto wake alisikia vibaya. Kwa siku mbili niliona aibu. Kisha niliwaeleza watoto kwamba Kifaransa husemwa na watu wengi katika nchi nyingi, kwamba mahali walipo watatumia "soixante-dix" na mtihani utataka hilo, lakini kwamba mamilioni ya watu upande wa kwetu huhesabu kwa "septante" na "nonante", yaani sabini na tisini, na hawajakosea. Niliweka ramani ukutani, nikaonyesha Bukavu na ziwa Kivu. Tulipofika siku ya 90, kuelekea mwisho wa Januari, watoto walidai wenyewe kuzisema zote mbili. Jimbo hili linawatafuta sana walimu wa Kifaransa, na humu ukumbini namwona zaidi ya mmoja ambaye angeweza kuifanya kazi hii. Asijizuie kwa sababu ya lafudhi.

Narudi kwa yule mama aliyenipigia simu usiku. Mama, ulinieleza kwamba Kifaransa chako ni cha kubahatisha na kwamba ulianza kukitumia nyumbani ili kumsaidia mtoto, ukawa huna tena la kumsimulia isipokuwa kula, lala, vaa, njoo. Naomba uache. Msemeshe Kiswahili chote ulicho nacho. Mweleze ulivyovuka mpaka, mfundishe kupika, mgombeze, mwimbie, msomee kama una kitabu, na kama huna msimulie. Kifaransa atakipata kwangu saa zote za shule, na Kiingereza atakipata kwenye kila kona ya mji huu hata ukimfungia ndani. Kiswahili hana mahali pengine pa kukipata ila kwako. Akikujibu kwa Kiingereza, usimkemee wala usimcheke. Rudia alichosema kwa Kiswahili na uendelee na mazungumzo, kama mwalimu wangu wa Bukavu alivyofanya. Akija na kitabu cha Kifaransa usichokielewa, mwambie akusomee kisha akueleze kwa Kiswahili kinahusu nini. Atakuwa amefanya kazi mara mbili, nawe utajua kama amekielewa.

Shule itafunguliwa wiki ya kwanza ya Septemba. Nimeambiwa nitapokea watoto 23, na miongoni mwao kuna lugha ambazo sikuwa nazo mwaka jana: Kinyarwanda, Kisomali na Kikrii, lugha ya wenyeji wa asili wa nchi hii. Ile karatasi ya mlangoni imechakaa pembeni, kwa hiyo nimekata mpya na nimekuja nayo jioni hii. Iko pale mezani karibu na chai, pamoja na kalamu nene. Neno la Kinyarwanda bado halijaandikwa, na la Kisomali pia. Nadhani humu ndani wapo wanaoyajua.